Sauti ya Mtaa wa Beale: Historia ya Redio WDIA ya Memphis

Redio ya biashara ina tabia moja inayoitenga na redio ya serikali au ya dini. Redio ya serikali hunena ili itiiwe, na redio ya dini hunena ili iaminiwe. Lakini redio ya biashara hunena ili isikilizwe tu, kwa maana masikio ya watu ndiyo bidhaa yake. Masikio hayo huyakusanya kwa muziki, kwa mzaha na kwa habari, kisha huyakodisha kwa mwenye sabuni, mwenye unga na mwenye dawa, nao wapate kuyatangazia mali zao. Basi swali la kwanza la stesheni kama hiyo si la ukweli wala la uzuri, bali ni hili: masikio ya nani yana thamani sokoni? Katika majimbo ya kusini ya Marekani jibu la swali hilo lilikuwa moja kwa zaidi ya miaka ishirini: masikio ya Wazungu. Historia ya WDIA, stesheni ya mji wa Memphis, ni historia ya siku jibu hilo lilipobadilika, na ya mambo mengi yaliyopita katika mlango uliofunguliwa kwa hesabu ya fedha, ambayo hesabu ya fedha yenyewe haikuyatazamia.

Memphis umejengwa juu ya ukingo mrefu wa mto Mississippi, katika pembe ya kusini-magharibi ya jimbo la Tennessee, mahali jimbo hilo linapopakana na Arkansas na Mississippi. Ulikuwa soko kuu la pamba, na pamba iliuletea mji watu kama ilivyouletea fedha. Wakulima weusi waliochoshwa na deni lisilokwisha la mwenye shamba walishika njia wakaja mjini, hata katikati ya karne ya 20 karibu watu 40 katika kila 100 wa Memphis walikuwa weusi. Walifanya kazi katika maghala, katika viwanda, katika reli na katika majiko ya watu wengine. Lakini sheria na desturi ziliwatenga shuleni, hospitalini, katika mabasi na hata katika starehe. Katika bustani ya wanyama walitengewa siku moja tu ya juma. Mwaka 1947 mkuu wa baraza la ukaguzi wa sinema la mji huo, Lloyd Binford, aliipiga marufuku filamu ya watoto iitwayo Curley, kwa kuwa ilionyesha watoto weusi na weupe wakiwa pamoja. Katika mwaka huo huo na mji huo huo ndipo WDIA ilipozaliwa.

Mahali ambapo watu weusi walipata nafasi ya kupumua palikuwa mtaa wa Beale. Hapo ndipo W. C. Handy alipotungia muziki wake mwanzoni mwa karne, na hapo palikuwa na Palace, ukumbi wa maonyesho ambamo vijana wasiojulikana walipanda jukwaani usiku wa mashindano, wakashangiliwa au wakazomewa. Palikuwa na maduka, vilabu vya pombe, afisi na makanisa. Beale ulikuwa mji ndani ya mji, wenye watu wake mashuhuri, wachekeshaji wake na wenye hekima wake. Lakini hewani mtaa huo haukusikika. Stesheni za Memphis zilikuwa za Wazungu kwa umiliki, kwa sauti na kwa nia.

Si kwamba mtu mweusi hakutajwa katika redio ya Marekani. Alitajwa sana, ila alitajwa na wengine. Kipindi cha Amos 'n' Andy, kilichoanza Chicago mwaka 1928 na kupendwa na nchi nzima, kiliigizwa na Wazungu wawili waliokuwa wakigeuza sauti zao ili wawachekeshe watu kwa mwigo wa matamshi ya weusi. Palikuwako waliotangulia kuivunja desturi hii. Huko huko Chicago, Jack L. Cooper alianza mwaka 1929 kipindi chake cha The All-Negro Hour katika stesheni ya WSBC. Ng'ambo ya mto kutoka jimbo la Mississippi, katika mji mdogo wa Helena, Arkansas, stesheni ya KFFA ilianza mwaka 1941 kuwaweka hewani wapiga muziki wa bluzi kwa muda mfupi kila siku, wakiongozwa na mpiga kinanda cha mdomo aliyejulikana kwa jina la Sonny Boy Williamson, ili wauze unga wa ngano wa King Biscuit. Lakini hayo yalikuwa matone katika bahari. Mwaka 1947 jarida la Ebony lilihesabu watangazaji weusi 16 tu wa muziki wa santuri katika nchi iliyokadiriwa kuwa na watangazaji wa namna hiyo 3,000. Tena hao walipewa saa fulani katika siku ya watu wengine. Stesheni ambayo siku yake yote, tangu mapambazuko hata machweo, ni ya wasikilizaji weusi, haikuwapo popote.

WDIA ilianza kutangaza tarehe 7 Juni 1947. Wenyewe walikuwa Wazungu wawili, John Pepper na Bert Ferguson, waliokuwa wamekwisha kuijua kazi ya redio kabla ya hapo. Mtambo wao ulikuwa mdogo, wa wati 250, na leseni yao ilikuwa ya mchana tu: jua lilipotua, stesheni nayo ilinyamaza. Walianza kama walivyoanza wengine wote, kwa muziki wa mashambani wa Wazungu, nyimbo laini za wakati ule na habari. Walikuta soko limejaa. Stesheni zilizotangulia zilikuwa na nguvu zaidi, na zilishikamana na mitandao mikubwa ya taifa iliyozipatia vipindi na nyota ambao stesheni changa haikuweza kuwalipa. Mwaka ulipita, fedha zikawa zinatoka kuliko zinavyoingia, na kaburi la WDIA likawa linachimbwa.

Ferguson aliifikia hatua yake kuu kwa njia ya mfanyabiashara. Aliona ya kuwa karibu nusu ya mji ilinunua mkate, sabuni, nguo na dawa kama nusu nyingine, na ya kuwa hapakuwa na stesheni hata moja iliyoisemesha nusu hiyo. Penye wanunuzi wasiosemeshwa pana soko lisilo na mshindani. Hesabu hiyo ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho; wala si wepesi wa akili uliokuwa umekosekana mjini, bali ni ushujaa wa kuvumilia maneno ya majirani. Mtu anayezama hupata ushujaa wa namna hiyo kwa urahisi kuliko mtu anayeogelea. Ferguson alikuwa anazama, na kwa sababu hiyo akaukamata mkono ambao wenzake wenye mali hawakutaka kuugusa.

Mkono huo ulikuwa wa Nathaniel Dowd Williams, aliyejulikana na watu wote kwa jina la Nat D. Alizaliwa Memphis mwaka 1907, na kwa kazi alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya Booker T. Washington. Lakini ualimu ulikuwa sehemu moja tu ya maisha yake. Aliandika makala katika gazeti la watu weusi juu ya mambo ya Beale, na usiku wa mashindano katika ukumbi wa Palace yeye ndiye aliyekuwa mshereheshaji. Alikuwa na kimo kifupi na miwani minene, na ulimi wake uliweza kuchanganya elimu ya kitabuni na mzaha wa barazani bila mshono kuonekana. Vizazi vya wanafunzi vilikuwa vimepita mikononi mwake. Hivyo Ferguson hakumchukua mtu asiyejulikana akamfanya maarufu. Alimchukua mtu ambaye nusu ya mji ilimjua na kumheshimu, na ambaye nusu nyingine haikuwa na habari naye.

Tarehe 25 Oktoba 1948, siku ya Jumatatu, alasiri baada ya kengele ya mwisho ya shule, Nat D. aliketi mbele ya maikrofoni kuanza kipindi kilichoitwa Tan Town Jamboree. Jina hilo, Tan Town, lilitumika baadaye katika vipindi vingi vya stesheni, na kwa Kiswahili laweza kufasiriwa Mji wa Watu wa Maji ya Kunde. Taa ilipowaka kumwashiria aseme, maneno yote aliyokuwa ameyaandaa yakamtoka kichwani. Akabaki kimya kitambo kidogo, kisha akaangua kicheko, kicheko kikubwa cha mtu anayejicheka mwenyewe. Kicheko hicho kikawa ndicho alama yake. Tangu siku ile watu walikingojea kama wanavyongoja wimbo wanaoupenda. Simu za stesheni zililia. Wazungu waliokasirika walipiga kutukana, na wengine walitishia bomu. Lakini vitisho havikuendelea kwa muda mrefu, na kutoka katika mitaa ya weusi zilikuja barua, tena nyingi, za watu waliosikia kwa mara ya kwanza sauti ya kwao ikisema nao bila kuwadhihaki.

Ferguson alizisoma barua hizo kama mfanyabiashara asomavyo daftari la mauzo. Kipindi kimoja kilizaa cha pili, cha pili kikazaa cha tatu, na kabla mwaka 1949 haujamalizika vipindi vya zamani vilikuwa vimeondolewa na siku nzima imekabidhiwa watangazaji weusi. WDIA ikawa stesheni ya kwanza Marekani kuwaelekezea wasikilizaji weusi vipindi vyake vyote. Ikatoka katika mkia wa orodha ya stesheni za Memphis ikapanda juu. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na katika nyumba ile mwenyeji aliyekuwa mahututi aliponywa na wageni ambao siku zote walikuwa wakipitishwa mlango wa nyuma.

Mpango wa siku katika WDIA wastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake jamii ile yaonekana kama katika kioo. Mapema asubuhi Nat D. alifungua siku kwa Tan Town Coffee Club, wakati wapishi, madobi na makuli walipokuwa wakijitayarisha kwenda kazini. Alipomaliza alikwenda shuleni kufundisha, na alasiri akarudi tena stesheni kuendesha Jamboree. Baada ya kipindi chake cha asubuhi zilifuata nyimbo za Injili, ambazo watangazaji wake, miongoni mwao Ford Nelson na Theo Wade, walipendwa kama wahubiri. Vikundi vya waimbaji wanne wanne viliimba moja kwa moja mbele ya maikrofoni, na kwa njia hiyo kikundi kama Spirit of Memphis kilijulikana mbali kuliko ambavyo miguu ingeweza kukifikisha.

Kisha ilikuja saa ya akina mama. Willa Monroe, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa kazi ya kudumu katika kutangaza pale, aliendesha kipindi cha wenye nyumba. Alitoa mapishi, akacheza nyimbo za utulivu, akasoma habari za harusi, vyama na karamu. Habari hizo zaweza kuonekana ndogo kwa mtu ambaye gazeti la mji wake limezoea kuandika arusi yake. Lakini kurasa za jamii za magazeti makubwa ya Kusini hazikuwa na nafasi kwa bibi arusi mweusi. Mwanamke aliyekuwa akipika katika nyumba ya watu, akisikia katika redio ya jikoni jina la binti yake likitajwa kwa heshima, alipata kitu ambacho mwenye sabuni aliyelipia kipindi hakujua kama anakigawa.

Mchana na jioni zilikuwa za bluzi na muziki wa ngoma za mji. Maurice Hulbert aliweza kuwa watu watatu katika siku moja: mtulivu mwenye heshima katika nyimbo za Injili, mlaini wa maneno mbele ya akina mama, na mwenye kasi na kelele katika Sepia Swing Club. Rufus Thomas, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Nat D., alijiunga mwanzoni mwa miaka ya 1950. Naye kwa miaka mingi aliendelea kufanya kazi katika kiwanda cha nguo huku akitangaza, kwa sababu umaarufu haukumlipa kiasi cha kumlisha. Martha Jean Steinberg, aliyeitwa Malkia, aliingia mwaka 1954. A. C. Williams, mwalimu wa elimu ya viumbe, aliunda kikundi cha Teen Town Singers kutoka kwa wanafunzi wa shule za weusi, na humo walipita vijana waliokuja kujulikana baadaye, kama Carla Thomas na Isaac Hayes.

Miongoni mwa wote waliopita hapo hakuna aliyekwenda mbali kama Riley King. Alikuwa dereva wa trekta katika mashamba ya pamba ya Indianola, Mississippi, naye akaja Memphis na gitaa lake kutafuta bahati. WDIA ilikuwa imepata mwenye bidhaa mpya, dawa ya maji ya kuongeza nguvu iitwayo Pepticon, ikahitaji mtu wa kuiimbia. King aliitungia wimbo mfupi wa biashara, akapewa dakika kumi za kila siku bila malipo, ila aliruhusiwa kutaja mahali atakapopiga muziki usiku. Wasikilizaji walimpa jina la Kijana wa Bluzi wa mtaa wa Beale. Jina likafupishwa, zikabaki herufi mbili, B. B. Mwaka 1949 alirekodi santuri zake za kwanza ndani ya studio za stesheni hiyo. Hivyo mmoja wa wapiga gitaa wakuu wa karne ya 20 alipata jina lake kwa sababu palikuwa na chupa za dawa zilizotaka kuuzwa.

Lakini kilichowafunga watu na WDIA zaidi ya muziki ni matangazo yaliyotolewa bila malipo kati ya wimbo na wimbo. Wengi wa wasikilizaji hawakuwa na simu, na wengi wa wale waliotoka mashambani hawakusoma kwa urahisi. Mtu aliyepoteza mtoto, mzee aliyesahau meno yake ya bandia katika basi, mkulima aliyepotelewa na nguruwe, ndugu aliyemtafuta ndugu yake ambaye hajamwona kwa miaka, wote walipeleka habari zao stesheni, nazo zikasomwa. Makanisa yalitangaza mikutano yao, na waliofiwa walitangaza mazishi. Siku za Jumapili Nat D. aliongoza baraza la mazungumzo lililoitwa Brown America Speaks, ambamo watu weusi walijadili wenyewe mambo yaliyowahusu. Baraza hilo lilipata tuzo mwaka 1949 kutoka taasisi ya elimu kwa njia ya redio ya Chuo Kikuu cha Ohio State. Katika mji ambao mkaguzi wake aliogopa picha ya watoto waliokaa pamoja, hilo halikuwa jambo dogo.

Mwezi Juni 1954 WDIA iliruka kutoka wati 250 hadi wati 50,000, nguvu kubwa kuliko zote zilizoruhusiwa Marekani, ikahamia namba 1070, ikaanza kutangaza usiku pia. Sasa sauti ya Beale ilishuka bonde lote la Mississippi mpaka karibu na Ghuba ya Meksiko, katika mashamba ambayo wakazi wake walikuwa weusi kwa wingi, na ikakadiriwa ya kuwa iliweza kumfikia mmoja katika kila Wamarekani weusi kumi. Walisikiliza na wengine pia. Mawimbi ya redio hayajui mstari uliochorwa katika mabasi. Kijana wa Kizungu ambaye asingeweza kwenda Palace bila kuulizwa alifunga mlango wa chumba chake na kufungua namba ya WDIA. Tarehe 7 Desemba 1956 Elvis Presley, akiwa amekwisha kuwa nyota wa nchi nzima, alihudhuria onyesho la WDIA, akapigwa picha akiwa na B. B. King, na Rufus Thomas alipomtokeza jukwaani, wasichana weusi walipiga makelele yale yale yaliyopigwa na wasichana weupe.

Onyesho hilo liliitwa Goodwill Revue, nalo lilikuwa la kila mwaka tangu mwisho wa miaka ya 1940. Fedha zilizopatikana hazikuingia mfukoni mwa stesheni. Zilikwenda katika mfuko wa hisani, Goodwill Fund. Mji wa Memphis haukuwa na basi la kuwapeleka shuleni watoto weusi waliolemaa, basi mfuko huo ukalinunua. Ukazisaidia timu za mpira za watoto ambao hawakuwa na viwanja wala vifaa, ukasaidia makao ya watoto yatima. Kwa watu waliozoea kuona kodi zao zikijenga mitaa ya wengine, kitendo hiki kilikuwa na maana kuliko hotuba mia. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Hapa ndipo historia ya WDIA inapotaka kupimwa kwa mizani isiyo na upendeleo, kwa kuwa basi lile lina pande mbili. Kwa upande mmoja ni rehema: mtoto aliyekuwa akikaa nyumbani alikwenda shule. Kwa upande wa pili ni faraja inayomwondolea mwenye wajibu haja ya kuona haya. Mji ulikataa, stesheni ikatoa, na mji ukaendelea kukataa. Shule ambayo basi lile lilikwenda ilikuwa shule iliyotengwa. WDIA iliwarahisishia watu maisha ndani ya ukuta. Haikuwa na nia ya kuuvunja, na yumkini kama ingejaribu katika mwaka 1950 isingebaki hewani kuendelea kuwarahisishia.

Hivyo hivyo ndani ya stesheni yenyewe. Sauti zote zilikuwa nyeusi, lakini mali yote na amri yote ilikuwa nyeupe. Majengo yake hayakuwa Beale, yalikuwa katika barabara ya Union. Katika miaka ya mwanzo mafundi wa kuendesha mitambo walikuwa Wazungu, hata mtangazaji aliyesikika na maelfu hakuruhusiwa kuigusa kwa mkono wake sahani ya santuri aliyoitangaza. Wenyewe walikataza nyimbo zenye mafumbo ya mapenzi, wakaogopa siasa. Tofauti hii yaonekana wazi mtu akiutazama mji wa Atlanta, ambako mwaka 1949 Jesse Blayton, mhasibu mweusi, aliinunua stesheni ya WERD, ikawa ya kwanza Marekani kumilikiwa na mtu mweusi. Katika WDIA mali iliuzwa pia, mwaka 1957, lakini iliuzwa kutoka mikono ya Wazungu kwenda mikono mingine ya Wazungu. Wala meneja mkuu mweusi wa kwanza, Chuck Scruggs, hakukalia kiti chake mpaka mwaka 1972.

Hata hivyo ni kosa kudhani ya kuwa mwenye mtambo ndiye mwenye sauti peke yake. Nat D. na wenzake walijua mipaka yao kama nahodha ajuavyo miamba, wakajifunza kupita katikati yake. Mzaha uliweza kusema ambalo hotuba isingeruhusiwa. Kicheko cha mwalimu yule kilikuwa cha furaha masikioni mwa mwenye sabuni, lakini wanafunzi wake wa zamani walisikia ndani yake mambo ambayo mwenye sabuni hakuyalipia. Tena, watu wanaosikiliza pamoja kila siku, wanaojua nani amefiwa na nani ameoa, wanaotafutiana watoto na nguruwe, huwa wamekwisha kuwa umma, wapende wasipende wale waliowakusanya kwa ajili ya biashara.

Umma huo ulionekana mwaka 1968. Tarehe 1 Februari wazoa taka wawili weusi, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua ndani ya gari la taka, na mtambo wa gari ukawasaga wakafa. Tarehe 12 Februari wazoa taka wapatao 1,300 waliacha kazi. Martin Luther King alikuja kuwatia nguvu, naye akauawa katika nyumba ya wageni ya Lorraine tarehe 4 Aprili. Katika siku zile za mgomo na msiba watu weusi wa Memphis waliigeukia stesheni waliyoizoea kwa miaka ishirini, kutafuta habari na kusikiana wao kwa wao, na sauti walizoziamini ziliwasihi wasiuangamize mji wao kwa uchungu. Kuaminiwa kwa namna hiyo hakununuliwi kwa siku moja. Kulikuwa kumejengwa kwa mapishi, kwa nyimbo za Injili na kwa matangazo ya meno yaliyopotea.

Ushindi wenyewe ulileta upungufu. Muziki ambao zamani haukupatikana kwingine sasa ulichezwa na stesheni za kila namna. Tangu mwaka 1949 Mzungu mmoja wa Memphis, Dewey Phillips, alikuwa akicheza santuri za weusi usiku katika WHBQ, saa ambazo WDIA ya kwanza ilikuwa imelala. Na baada ya miaka ya 1960 desturi hiyo ilienea kote. Mitambo ya FM ikaja na sauti safi zaidi, ikawavuta vijana. Watangazaji wa zamani walitawanyika: wengine walikwenda miji ya kaskazini, wengine walizeeka kazini. Nat D. alipatwa na kiharusi mwaka 1972 kikamtoa hewani, akafariki mwaka 1983. WDIA haikufa, iliingia karne ya 21 ingali ikitangaza kwa namba ile ile ya 1070. Lakini siku zake za kuwa peke yake zilikwisha, na ni vema zilikwisha, kwa maana upekee wake ulitokana na dhuluma ya wengine.

Basi mwanafunzi wa historia atasemaje? Atasema ya kuwa tamaa ya fedha ilifanya katika Memphis jambo ambalo dini, sheria na elimu ya mji ule zilikuwa hazijathubutu kulifanya; nalo ni kukiri ya kuwa mtu mweusi yupo, ana masikio, na ana thamani. Lakini soko lilipomkiri lilimkiri kama mnunuzi tu. Ilibaki kazi ya kumkiri kama mtu, na kazi hiyo hawakuifanya wenye stesheni. Waliifanya watangazaji, wengi wao wenye kazi nyingine, waliokuja mbele ya maikrofoni wakiwa na chaki mikononi au mafuta ya kiwandani katika nguo. Nat D. hakuiacha shule yake. Asubuhi aliwaamsha wazazi kwa redio, mchana akawafundisha watoto historia darasani, na alasiri akarudi hewani. Watu wa Beale hawakuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili, na huenda walikuwa wameona sawasawa.